Waonja Risasi

Mheshimiwa Mihayo aliinusa ile metali. Jamani, aliinusa! Aliokota kipande cha titani kutoka kwenye sahani, akakipeleka puani kama mtu anayechagua papa mkavu sokoni, kisha akaafiki kwa kichwa, na wajumbe wenzake wa Kamati ya Vazi nao wakaafiki kwa vichwa vyao. Nyanzobe, mtaalamu mkuu wa metali katika kiwanda cha risasi cha Jimbo la Ugala, alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alijiuliza ni dhambi gani aliyotenda duniani hata akapewa watu hawa awaelimishe.

Asubuhi nzima alikuwa akiwaeleza. Kiini cha risasi, aliwaambia, ni yale madini mazito na laini yaliyoipa jina lake, na madini hayo yakipita uchi ndani ya mtutu kwa kasi ile huyeyuka na kuuchafua. Kwa hiyo risasi huvishwa vazi la metali nyingine, gumu kiasi cha kushika umbo lake, laini kiasi cha kutouparura mtutu. Kazi ya Kamati ilikuwa kuchagua vazi hilo, na siku hiyo sahani zilikuwa zimebeba kila metali iliyopata kufikiriwa.

Chuma laini kilikuwa rahisi kuliko vyote, ila kilikula mitutu na kuota kutu ghalani. Shaba iliyochanganywa na nikeli iling'aa vizuri, lakini iliacha mabonge ndani ya mtutu ambayo mafundi waliyakwangua huku wakitukana. Shaba yenye zinki kidogo, ambayo ndiyo ilikuwa ikitumika hadi ipatikane nyingine, haikuwa na makuu. Ilipita bila ugomvi, na ikimpata mtu ilipasuka, ikaishia mwilini mwake. Titani ndiyo iliyokuwa mgeni. Zamani ilikuwa iking'ang'ania mitutu kama kupe, hadi wakemia wa Ugala walipoibunia utelezi wake, na sasa ilipita kama kambale mkononi. Haikupasuka. Ilimpita mtu, ikaupita ukuta ulio nyuma ya mtu, ikaenda zake kumtafuta aliye nyuma ya ukuta.

Hilo la ukuta Nyanzobe alilirudia polepole, kama anayefundisha watoto wa chekechea kuvuka barabara. Kisha akauliza kama kuna swali.

"Ipi haiwashi?" aliuliza Bi. Shinuna.

Mtu asiyeijua Ugala angedhani mama huyu amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anauliza swali la kisheria kabisa. Miaka ya nyuma, bunduki za kulinda bomba kuu la maji zilipotolewa mikononi mwa askari na kupewa mashine, zile zilizoitwa mabawabu, wananchi walikataa. Bawabu lilijiamulia lenyewe nani mwizi wa maji na nani mpita njia, na likikosea hakuna wa kumkamata shati. Akina mama wa Mtaa wa Mabati ndio waliolitafuta jibu, na wakalipata kwenye kilabu cha pombe. Mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba akate funda la kwanza mbele yake. Ndiko kutoa uchawi. Basi na hawa wanaotupikia risasi waonje kwanza, walisema. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wakaandamana mpaka ikawa sheria kwamba kila mjumbe anayechagua vazi la risasi atapachikwa punje ya metali hiyo chini ya ngozi ya mkono, akae nayo mwezi mzima, na ikimsumbua hata mmoja wao metali hiyo ikataliwe. Waliamini kwamba mtu mwenye risasi mkononi atafikiri mara mbili habari za risasi.

Na kweli walifikiri. Walifikiri habari za mikono yao. Kamanda Ndegeya, mkuu wa mabawabu, alikunja shati akaonyesha duara la kijani aliloachiwa na shaba, akalililia kama jeraha la vita. Bi. Shinuna, aliyewakilisha wafanyabiashara, alisimulia jinsi vipele vya nikeli vilivyomkosesha harusi ya mpwa wake, tena alikuwa ameshashona sare. Mwenyekiti Mihayo aliwasikiliza wote kwa huruma kubwa. Nyanzobe aliwajibu kwa mkato kwamba titani haiwashi, kwamba mwili wa binadamu haugombani nayo, ndiyo maana madaktari huungia mifupa. Nyuso zikachangamka kana kwamba chai imeingia.

"Na watu wa Mtaa wa Mabati?" aliuliza Nyanzobe. "Nyumba zao zinapakana na bomba. Ukuta wao ni bati moja."

Mwenyekiti alimtazama kwa upole ule wa mkubwa anayemsitiri mpumbavu. "Bi. Nyanzobe," alisema, "wale wamejenga mahali pasipopimwa. Kamati haiwezi kuchagua metali kwa kuwafuata watu waliojenga mahali pasipopimwa."

Titani ikapita bila kupingwa. Ilibaki kuonjwa tu.

* * *

Mtaa wa Mabati ulikuwa mbele ya lango la kiwanda, ng'ambo ya bomba, na huko ndiko Nyanzobe alikokulia. Limi, mama yake mdogo aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa bado anaishi humo kwa ubishi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye bomba. Bawabu la upande ule lilisimama juu ya nguzo karibu na uwanja wake, likigeuza shingo huku na huku, na Limi alikuwa amezoea kuanika nguo kwenye kamba aliyoifunga kwenye nguzo ileile.

Nyanzobe alikwenda kumbembeleza ahame. Alimkuta anamenya mihogo, kidole kimefungwa kitambaa. Alikuwa amejikata na kisu wakati watu wanapanda mahindi, na sasa mahindi yalikuwa yanachomwa barabarani na kidole hakijafunga, maana mama huyu alikuwa na sukari na kidonda kwake kilikuwa mgeni asiyeaga. Nyumba za kiwanda alizikataa kama kawaida yake. Huko angekaa na nani? Angemsema nani, na watu wenyewe wanajifungia ndani?

Nyanzobe aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, bati likaitika. Akamweleza habari za metali mpya, na kwamba mwizi akipigwa pale bombani, risasi haitaishia kwa mwizi. Mtego wa panya huo, alisema, unaingia waliomo na wasiokuwamo. Akamweleza na jinsi ilivyochaguliwa, duara la kijani la Kamanda na vipele vya Bi. Shinuna na sare iliyolala kabatini. Limi alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Kisha akauliza kama yeye Nyanzobe naye huonja.

"Huonja, mama. Mimi pia ni mjumbe."

Limi aliacha kucheka. "Kwa hiyo ulipinga?"

"Nilisema."

"Kusema na kupinga si kitu kimoja, mwanangu," alisema Limi, akarudia mihogo yake.

* * *

Maneno hayo yalimkera Nyanzobe njia nzima, na yalimkera zaidi kwa kuwa yalikuwa kweli. Angepinga vipi? Kwa kura moja? Ungewapa wale watu hoja, wangeinusa kama walivyoinusa titani. Kulikuwa na lugha moja tu waliyoielewa, nayo ilikuwa ngozi yao wenyewe.

Punje za kuonja zilitengenezwa na yeye, katika karakana yake, na hakuna aliyewahi kuzikagua. Nani angezikagua? Kamanda Ndegeya, ambaye hakuweza kutofautisha shaba na sufuria? Nyanzobe alijua jambo dogo ambalo kila mhunzi wa metali analijua: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa upesi sana, na mwili wa mtu ni maji ya chumvi matupu. Punje ya shaba peke yake huwasha. Punje ya shaba iliyovikwa titani, kisha vazi likatobolewa, shaba yake huozea mwilini na kuutia sumu mkono.

Alikaa na wazo hilo siku kadhaa akiligeuzageuza. Kuonja ndicho kitu pekee ambacho wanyonge wa Ugala walikuwa wamewahi kuwalazimisha wakubwa wao kukifanya kwa miili yao, na kuonja kuna thamani tu ikiwa kikombe ni kilekile. Anayetia kitu kwenye funda la kwanza ndiye mchawi mwenyewe. Alilijua hilo vizuri. Lakini kila alipokaribia kuliacha lile wazo, alimwona Mwenyekiti na kipande chake puani, na moyo ukasema, aah, kwa watu hawa? Nimwogope Mungu kwa ajili ya Bi. Shinuna na vipele vyake?

Basi akachonga punje za shaba, akazivika titani nyembamba kama ngozi ya kitunguu, akaikwaruza kila moja ubavuni mpaka shaba ikachungulia. Kwa macho zilikuwa titani tupu. Alitengeneza na yake, akapachikwa pamoja nao, maana hata dharau ina heshima zake na hakutaka kupikia watu chakula asichokula.

* * *

Mwezi haukufika nusu. Mkono wa Bi. Shinuna ulivimba mpaka bangili zikakatwa. Kamanda Ndegeya, mwanaume aliyeongoza mashine za kuua, alilia kwa daktari kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Mwenyekiti alipata homa. Nyanzobe naye alipata yake, mkono ukimpwita hadi kwapani, lakini alikwenda kikaoni akiwa na furaha ya kimyakimya. Sheria ilikuwa wazi. Metali imewasumbua wote, metali itakataliwa, na bati la mama yake mdogo litaendelea kuwa bati tu.

Mwenyekiti alisimama, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cheupe.

"Ndugu wajumbe, metali hii ni nzuri," alisema. "Mikono yetu ndiyo mibovu."

Nyanzobe alidhani hajasikia vizuri. Lakini wenzake walikuwa tayari wanaguna kwa kukubali, na Mwenyekiti akaendelea kufafanua. Sisi ni watu wazima, alisema, tuna presha, tuna majukumu, damu zetu zimechoka kwa kuitumikia jamii. Mtu mgonjwa akionja mchuzi akasema mchungu, kosa ni la mchuzi? Isitoshe, tangu lini mwenye nyumba kubwa akaonja mwenyewe? Huonja mpishi. Kwa hiyo anapendekeza Kamati iwe na wajumbe waonjaji, watu wenye afya na damu safi, wasio na kura, ambao watapewa ndoo za maji kila siku kwa muda wote watakaobeba punje. Bi. Shinuna aliunga mkono kabla hajamaliza. Kamanda alitaka kujua ni lini hii iliyo mkononi mwake itatolewa.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nyanzobe angeweza kusimama akawaambia kwamba punje ziliharibiwa na yeye ndiye aliyeziharibu. Kuonja kungebaki mikononi mwa wakubwa, titani ingepita kesho yake, na yeye angelala mahabusu. Lakini alikuwa anacheka moyoni. Wajumbe waonjaji! Nani katika Ugala nzima angekodisha mkono wake kwa watu hawa, baada ya yale maandamano? Wasingempata hata mlevi. Na akijitokeza fukara mmoja asiye na haya, apewe punje kama zile za mwanzo, avimbe, na titani ife palepale. Mtu anayeuza kuonja kwake kwa ndoo anastahili nini zaidi ya hapo? Ndiyo hivyo, dharau ukishaizoea huchagui tena wa kumdharau. Nyanzobe alikuwa ameanza kwa kuwadharau wanaonusa metali, na sasa alikuwa anamdharau mtu ambaye hajamwona bado.

Akarudi karakana akatengeneza punje mbovu nyingine.

* * *

Siku ya kuonja waliweka turubai nje ya lango la kiwanda, na chini yake meza, daktari wa ganzi, na bomba la kujazia ndoo. Kamati ilikaa kivulini na soda zake. Nyanzobe aliketi mezani akiwa na trei ya punje mbovu, na kando yake kopo la punje halisi za titani ambazo kanuni ilidai ziwepo kwa kulinganishia. Alipoinua macho kuona ni fukara gani amekuja, aliona foleni imekwenda mpaka ng'ambo ya bomba. Mtaa wa Mabati wote ulikuwa umetoka. Na wa kwanza, akiwa na kitenge chake cha kanisani na ndoo miguuni, alikuwa Limi.

"Shikamoo, mama," alisema Nyanzobe.

"Marahaba." Limi alikuwa ameshanyoosha mkono mezani. Kile kidole bado kilikuwa kimefungwa.

Daktari alichoma ganzi, akamwachia Nyanzobe kupachika na kushona kama kawaida, akageukia wa pili. Nyanzobe aliinama kana kwamba anakagua ngozi, akamwambia yote kwa kunong'ona. Kwamba punje za trei zitamwozesha mkono, na kwa sukari ile, pengine mkono wote utakwenda. Kwamba zile za kopo hazitamsumbua kabisa, lakini yeye na wenzake wakitulia nazo, titani imepita, na ukuta wake si ukuta tena. Kwamba hata hao wakubwa walivimba kwa hila yake. Akamsihi arudi nyumbani, na awaambie wenzake warudi.

"Warudi wakanywe nini?" aliuliza Limi.

Nyanzobe alikuwa na bomba la maji nyumbani kwake, la kufungua na kufunga. "Basi niambie, mama. Niweke ipi?"

Limi alimtazama. Jicho lile Nyanzobe alilijua, maana ndilo alilowatazamia wajumbe wa Kamati miaka yote, ila hakuwahi kutazamwa nalo.

"Tuliandamana kwa jua kali ili wakubwa waonje," alisema Limi, taratibu tu, bila kupandisha sauti. "Wewe ukaenda ukatia uchawi kwenye kikombe, wakapata sababu ya kukiweka chini. Na leo unaniuliza kwa sababu umeona ni mimi. Angekuwa mke wa Masanja hapo nyuma, ungekuwa umeshamwekea ya trei. Si kweli?"

Nyanzobe alisema ni kweli.

"Basi usinipe mzigo wako niubebe mimi. Uliyesoma ni wewe. Weka, jua linapanda na ndoo haijajaa."

Kibano kilikaa juu ya trei. Pale palikuwa na mkono uliombeba mgongoni, uliomkanda mafuta alipougua surua, na kidole kimoja cha mkono huo kilikuwa kimeshindwa kupona tangu msimu wa kupanda. Ukuta ulikuwa jambo la kesho, pengine, ikiwa mwizi atakuja, ikiwa bawabu litalenga upande ule. Mkono ulikuwa hapa. Nyanzobe akaingiza kibano kwenye kopo, akatoa punje safi, akaipachika. Akashona ngozi kwa uzi mwembamba kuliko wote aliokuwa nao.

Mke wa Masanja akaketi. Alikuwa na mtoto mgongoni na akacheka kwa aibu, akauliza kama inauma sana. Nyanzobe alitazama trei, akamtazama mtoto, akaingiza tena kibano kwenye kopo. Na yule aliyefuata hivyohivyo, na yule aliyemfuata, kwa sababu sasa kila mkono uliokuja mezani ulikuwa na mtu wake.

Kivulini, Mwenyekiti Mihayo aliinua sauti ili umati usikie. Alimuuliza yule mama wa kwanza, yule wa kitenge, kama anasikia maumivu yoyote.

"Hata haiwashi," alisema Limi. Alikuwa anamjibu Mwenyekiti, lakini alikuwa anamtazama Nyanzobe.

Umati ukacheka, mtu akapiga vigelegele. Bi. Shinuna alisema ameona mwenyewe, damu safi ni damu safi. Kamanda Ndegeya hakuona haja ya kusubiri mwezi. Wajumbe waonjaji wameridhika, alisema, akaamuru masanduku ya titani yaliyokuwa ghalani yatolewe na mabawabu yabadilishiwe risasi siku hiyohiyo, kuanzia lile la karibu. Hakuna aliyepinga. Nyanzobe alisimama akasema sheria inataka mwezi mzima, akalisema tena, na Kamanda akamwambia akae, watu wanasubiri.

Kutoka mezani aliweza kuona nguzo ile na nyumba ya kwanza. Fundi alikuwa ameshaegemeza ngazi, anapanda na sanduku begani. Limi alivuka bomba na ndoo yake imejaa hadi ukingoni, akafika chini ya ngazi, akasimama. Akamwambia fundi jambo, na fundi akashuka, akaisogeza ngazi akampisha aingie kwake bila kumwaga maji, kisha akapanda tena na sanduku lake.